Gari Lililokunywa Maji ya Ziwa

Nitaanza na shemeji yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyeanza. Jina lake silitaji. Kwetu Seme kila mtu atamjua, na yeye mwenyewe akisomewa haya atajijua. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, mwanamume wa suruali zilizonyooshwa pasi, ambaye hajawahi kununua hata baiskeli lakini hakuna anayejua kuendesha gari la mtu mwingine kama yeye.

Gari lenyewe lilikuwa la mume wangu. Lilikuwa jeupe, kuukuu, lile la Kijapani lenye mgongo mrefu wa kubebea mizigo, na lilikuwa otomatiki. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la miwa, mtu wa kubadilisha gia kwa mkono tangu ujana wake, kwa hiyo wenzake walimcheka. Walimwambia amenunua gari la wanawake. Aliwajibu kwamba ndiyo, ni la mwanamke, ni la mke wake.

Hakulinunua kwa maringo. Binti yetu ana sikoseli. Sisi watu wa ziwa ugonjwa huu tunaujua, umo ndani ya nyumba zetu nyingi. Mtoto akipatwa na baridi, au kiu, au akichoka tu, damu yake inakwama njiani na mifupa inaanza kumla. Ikishuka kifuani, hapo ni kukimbia. Kaka yake alikuwa nao pia. Yeye alifia juu ya bodaboda, katikati yangu na dereva, tukielekea hospitali ya Kombewa. Mimi niliendelea kumkumbatia nikidhani amelala. Nilikuwa hata nikimwambia dereva asiruke mashimo, asije akamwamsha.

Baada ya mazishi hayo mume wangu hakusema mengi. Aliuza shamba la mama yake la kule chini, akaenda akarudi na gari. Akaniambia, "Hii haiendi sokoni. Hii ni ya mtoto." Akanifundisha kuliendesha kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi, ile ile niliyoachia darasa la sita. Aliniambia amechagua otomatiki kwa sababu inataka mguu mmoja na mkono mmoja. "Hata ukiwa unalia utaendesha," akasema. Alinionyesha kuvuta ile stiki ya kupimia oili ya giaboksi, kuifuta kwa kitambaa cheupe na kutazama rangi. Inatakiwa iwe nyekundu, unaona mpaka chini, kama sharubati ya watoto iliyotiwa maji mengi.

Kisha presha ikamwangusha, na nikabaki na gari na mtoto.

Tangu hapo nilikuwa na kazi moja ya kila jioni. Gari lilikaa mbele ya nyumba likitazama lango. Kabla giza halijaingia niliwasha injini, nikakanyaga breki, nikaivuta gia mpaka kwenye D, ile ya kwenda mbele, nikasubiri. Gari la otomatiki lililo zima litakusukuma kidogo pale pale, kama mbuzi aliyefungwa anayevuta kamba. Nikiusikia ule mvuto, nilizima, nikaenda kupika. Binti yangu alikuwa akiuliza kutoka jikoni, "Limeitika?" Nikimwambia limeitika, hata yeye alilala vizuri.

Sasa, mkwe wa shemeji yangu akafa. Mkwe wake, baba ya mke wake. Kwetu huendi kumzika mkwe kama mtu anayeenda kununua chumvi. Unaenda na watu wako, unaenda na ng'ombe, na magari yawe ya kuonekana, maana wale wakwe watasimama langoni wakihesabu vumbi. Na gari likiwa ndani ya boma, kukiwa na kifo, ni la boma zima. Huwezi kusema hapana. Nilijaribu.

"Nyar Asembo," akaniita. Ndivyo tunavyoitwa sisi tulioolewa, kwa kule tulikotoka. "Unataka niende kwa wakwe zangu na boda kama mtu wa kuuza omena?"

"Mimi ndiye ninauza omena," nikamwambia, maana dagaa hao wa ziwa ndio wanaotulisha. "Na gari ni ya mtoto."

"Mtoto ni wetu sote. Ama ulikuja naye kutoka Asembo?"

Wazee wawili walikuwa wamekaa pale. Mmoja, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu, akasema nisilete aibu. Nikatoa ufunguo. Huyo mzee naye ninamweka hapa, kwa sababu baadaye alisema hakuwepo.

Kilichofuata sikukiona kwa macho, lakini shemeji mwenyewe alinionyesha picha kwenye simu yake, akijivuna. Katika safari hiyo ya wakwe, kule Kisumu mjini, ufukweni, magari yalikuwa yakiingizwa ziwani kuoshwa kama ng'ombe wanaopelekwa kunywa. Vijana wa ndoo wanakupungia mkono, ingiza, ingiza, bado kidogo, na wewe unaingiza. Katika ile picha gari letu limesimama ndani ya maji mpaka chini ya vishikio vya milango. Shemeji ameegemea boneti na miwani ya jua, maji yamemfika mapajani. Alikuwa ametoka nalo Kombewa bila kupumzika, chuma kikiwa moto, akaliingiza vile vile, kisha akaliacha humo akaenda kula samaki kwenye vibanda.

Chuma cha moto kikitumbukizwa kwenye maji ya baridi kinavuta. Mtu yeyote aliyewahi kuosha sufuria anajua. Giaboksi ina katundu kake kadogo ka kupumulia, na kupitia hapo ilivuta ziwa.

Gari lilirudi likimeta. Jioni hiyo nikaliwasha, nikaweka D, nikasubiri. Halikuitika. Nikasubiri tena. Kisha likaruka mbele kwa kishindo, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, na kichwa changu kikagonga kiti. Binti akauliza kama limeitika. Nikasema ndiyo.

Nikavuta stiki, nikaifuta kwa kitambaa cheupe. Oili ilikuwa ya waridi, nzito, yenye povu, kama yale maziwa ya rangi wanayouziwa watoto dukani. Sijasoma, lakini nyekundu naijua.

Nikampelekea shemeji kile kitambaa. Hakukishika.

"Maji ya ziwa haina chumvi," akasema. "Ingekuwa ni ya Mombasa ningekuelewa. Hii ni maji tamu, tunakunywa sisi, wanakunywa ng'ombe."

"Gari ilikunywa?"

"Gari hainywi maji, shem. Wewe endesha pole pole, itazoea."

Nikalipeleka Kondele kwa fundi. Huyo ni wa tatu ninayemlaumu. Ana kibanda nyuma ya steji ya bodaboda, na juu ameandika kwa rangi nyekundu kwamba anatengeneza aina zote za otomatiki. Njiani gari lilikuwa likitetemeka kama linapita juu ya matuta ambayo hayapo, na kila mara mshale wa mizunguko ya injini ulipopanda na gari lisiongeze mwendo, nilibana kiti kwa mapaja. Nilifika nimelowa jasho.

Nikamwonyesha kitambaa. Akanusa, akacheka na wenzake.

"Mama, hii gari inakuogopa tu. Ikiona mwanaume itatembea."

"Ondoa hiyo oili yote," nikamwambia. "Uifungue, uoshe ndani, uweke mpya."

"Mama, wewe ni fundi?"

"Mimi si fundi. Oili ina maji."

"Basi niachie kazi yangu mimi, na wewe rudi kwa samaki yako. Na unisalimie mzee."

Nikamwambia mzee alishakufa. Akasema pole, kwa sauti ya kweli kabisa, na baada ya kusema pole akanidanganya. Niliambiwa nikae kwa mama wa chai ng'ambo ya barabara. Niliporudi, akasema amemwaga yote na kuweka mpya. Nikavuta stiki mbele yake, ikaonekana nyekundu kidogo. Alikuwa amepunguza ile ya juu na kuongeza mpya, basi. Rangi ilidumu kama wiki moja, kisha ile ya waridi ikapanda tena, polepole, kama kitu kinachorudi kwao.

Nilirudi kwake. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Nilirudi tena, akasema tatizo ni kompyuta ya gari na mtu wa kompyuta yuko Mamboleo. Yule wa Mamboleo hakuwahi kupatikana.

Watu husema hofu inakuja pamoja na tukio. Uongo. Tukio lilichukua asubuhi moja tu. Hofu nilikaa nayo majira mazima ya mvua. Nilikuwa nikimwangalia binti yangu akinywa maji, nahesabu vikombe kimoyomoyo. Akikohoa nilitoka nje kulitazama gari. Siku nyingine liliitika, siku nyingine lilikaa likinguruma bila kusonga, na sauti ile ya injini inayopiga kelele na magurudumu yametulia ilinifuata mpaka kitandani. Sikumwambia mtoto. Yeye naye, kumbe, alishajua, kwa sababu aliacha kuuliza.

Siku yenyewe ilikuja, asubuhi baada ya mvua. Alikuwa akifunga kamba za viatu vya shule akasimama hivi, mkono kifuani, na akaniambia kwa sauti ndogo sana, "Mama, imeingia hapa." Alikuwa akivuta pumzi fupi fupi, kama mtu anayeonja chai ya moto. Nikapiga simu ya ambulansi. Mtu alipokea vizuri, akasema gari limeenda Kisumu na mama wa kujifungua, nisubiri. Bodaboda sikutaka hata kuitazama.

Jirani yangu, mke wa mvuvi, mwanamke mnene asiyeogopa kitu, alikuja mbio na leso yake kiunoni. Tukamlaza binti kiti cha nyuma. Nikawasha, nikaweka D, nikasema moyoni, tafadhali. Gari likakaa. Kisha likaruka, tukatoka langoni.

Kutoka kwetu, barabara inashuka kwanza mpaka kwenye kijito chenye mafunjo pande zote mbili, halafu inapanda kilima kimoja kirefu cha mawe na udongo mwekundu mpaka juu kwenye lami. Kushuka tulishuka. Tulipoanza kupanda, injini ikapandisha sauti, na gari likapunguza mwendo. Nikakanyaga zaidi. Sauti ikapanda zaidi, gari likapunguza zaidi. Harufu ya kuungua ikaingia ndani, kama ya mahindi yaliyosahauliwa jikoni. Katikati ya kilima likasimama, likabaki likilia tu, na mara nikaona mti uliokuwa dirishani unasogea kwenda mbele. Tulikuwa tunarudi nyuma.

Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Udongo ulikuwa umelowa, magurudumu yakashika lakini gari likaendelea kuteleza, mkia ukielekea kwenye mafunjo. Jirani alifungua mlango akaruka kabla sijamwambia kitu. Nikamwona kwenye kioo akiinua jiwe kama anainua mtoto, akalibwaga nyuma ya gurudumu. Gari likasimama. Chini yetu, nyuma ya mkia wa gari, nilisikia maji ya kijito.

"Usizime," akaniambia kwa dirisha, akihema. "Ukizima breki itakuwa ngumu. Teremka nayo pole pole, mimi niko na jiwe."

"Na tukifika chini?"

"Tukifika chini tutakuwa chini."

Basi tukateremka hivyo, mimi nikiachia breki kidogo na kubana, yeye akitembea kando ya gurudumu na jiwe lake tumboni. Binti hakulia. Alikuwa akitoa sauti moja tu kila akivuta pumzi, kama mlango wenye bawaba kavu, na mimi nilikuwa nikisubiri kila sauti ije, na kati ya moja na nyingine mimi pia sikupumua.

Kule chini, kwenye tambarare, nikajaribu D tena. Likasogea kama kobe, likaacha. Nikaweka R, ile ya kurudi nyuma, nipate kulisogeza litoke kwenye ukingo, na gari likashika. Likashika kwa nguvu, kwa wakati, kama zamani. Nikakumbuka mume wangu alivyokuwa akipandisha lori tupu kwa rivasi kule kwenye mashamba ya miwa wakati gia za mbele zimemgomea. Wenzake walikuwa wakimcheka kwa hilo pia.

Nikaligeuza gari, mkia ukatazama kilima, na nikaanza kupanda kinyumenyume.

Ukiendesha hivyo lazima ugeuke uangalie nyuma. Nilikuwa nimezungusha shingo, mkono mmoja nyuma ya kiti cha abiria, na kabla ya kuiona barabara kwenye kioo cha nyuma nilikuwa naiona kwanza sura ya mtoto wangu. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Macho yake, ambayo siku zote yana manjano kidogo, yalikuwa yamenikazia. Kila jiwe tulilopita liliandikwa kwenye uso wake kabla mimi sijalisikia kwenye usukani. Nilianza kupunguza mwendo ili asiumie. Akafungua mdomo.

"Mama, tazama barabara. Usinitazame mimi."

Nikatazama barabara. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya, kuliko kumzika baba yake. Niliinua macho kidogo tu juu ya kichwa chake, na nikaendesha.

Jirani alipanda kwa miguu pembeni, na jiwe lake, mpaka juu. Kwenye lami akalitupa, akaingia mbele, akajifuta kwa leso. Hakukuwa na pa kugeuzia, wala sikutaka kugeuza. Tukaenda Kombewa kinyumenyume, pembeni kabisa mwa lami, taa zote zikiwaka.

Watu wa soko wakatuona. Kulikuwa na vicheko, siwezi kuwaficha. Kijana wa bodaboda akaja sambamba na dirisha langu.

"Mama, umesahau nini nyumbani? Mbele ni huko ingine."

"Huyu ameapa hataipa nyumba yake mgongo," mwingine akasema.

Jirani akatoa kichwa nje. "Nyathi tuo," akawaambia, mtoto ni mgonjwa, na akawatukana mama zao kwa Kijaluo ambacho sitakiandika. Wakaangalia kiti cha nyuma. Vicheko vikakatika pale pale. Wawili wakatangulia wakipiga honi, wakasukuma mikokoteni ya mboga kando, wakamsimamisha mwenye lori kwa kumziba njia. Hao siwalaumu kwa lolote.

Tuliingia lango la hospitali kwa mkia. Askari wa lango, mzee mmoja, akaniambia, "Umejua kupaki, mama," kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa umetazamana kabisa na mlango wa wagonjwa. Wauguzi wakamtoa, wakamweka kitandani, wakamfunika uso kwa kile kikombe cha hewa. Nilipotaka kushuka nikagundua shingo haigeuki. Nilikaa nimegeuka hivyo hivyo, nikitazama kiti kitupu, mpaka jirani akaja kunitoa.

Aliishi. Nawaambia sasa ili msikae na wasiwasi niliokaa nao mimi, maana mimi niliambiwa baada ya siku nyingi. Pafu moja halikurudi kuwa kama lilivyokuwa. Akipanda ngazi anasimama katikati.

Shemeji alikuja hospitali na ndizi. Alikaa pembeni ya kitanda, akamuuliza mtoto hali, akatoka nami nje.

"Nimeona gari," akasema. "Nyar Asembo, mbona ulirudisha nyuma safari yote hiyo? Hiyo ndiyo imeua giaboksi. Umeua gari ya ndugu yangu."

Nilimtazama. Suruali ilikuwa na mstari mmoja mbele, ulionyooka.

"Ilikufa ziwani," nikasema. "Mimi nilikuwa naendesha maiti."

Aliitisha kikao nikiwa bado hospitali. Wazee wakakubaliana naye kwamba mwanamke asiyejua gari ameharibu mali ya marehemu. Yule mkubwa wao alisema hakumbuki kuniambia nitoe ufunguo. Gari likavutwa mpaka Kondele, likauzwa vipande vipande, na aliyelinunua ni yule yule fundi mwenye maandishi mekundu. Nasikia milango yetu inatembea Kisumu kwenye gari la mtu mwingine.

Mimi sikurudi bomani. Wanasema nimeiacha nyumba ya mume wangu, kwamba mjane haondoki hivyo bila kufuata taratibu, kwamba paa likianguka itakuwa juu yangu. Wacha lianguke. Kabla binti hajaruhusiwa kutoka, niliazima gunia la mahindi kwa mama mmoja wa soko, lenye uzito wa kumkaribia yeye, nikalifunga mgongoni kwa leso kama ambavyo ningembeba yeye, nikasimama kwenye lango la hospitali. Nikaanza kutembea kuipa hospitali mgongo. Nilipita duka la dawa, nikapita kinu cha kusaga, nikapita kanisa, nikaenda mpaka magoti yakakataa. Pale yalipokataa, nikatua gunia chini, nikaangalia nyuma kuona kama lango bado linaonekana, kisha nikabisha mlango uliokuwa karibu, nikauliza kama kuna chumba cha kupanga.